Hivi ile sindano ya mgongo ya kujifungulia kwa upasuaji ndiyo inayoharibu mgongo, au ni maneno ya mtaani?

#1 Baba Nasra
Wakuu habari za jioni. Wife alijifungua kwa upasuaji mwaka jana, mtoto mzima, mama mzima, tunamshukuru Mungu. Shida ni mgongo. Akiinama kufua, akimbeba mtoto, akikaa kwenye daladala kutoka Mbagala mpaka Posta ni kulalamika tu, na ukimuuliza wapi anaweka kidole palepale walipomchoma ile sindano ya ganzi. Mama mkwe ndo kamaliza kabisa, anasema waliochomwa mgongo hawanyooki tena, anawahesabu mtaa mzima kwa majina. Sasa mwingine yupo njiani na kliniki wamesema huenda ikawa kisu tena, mke kagoma, anataka alazwe nusu kaputi, mgongo usiguswe. Naombeni kujua, sindano inaharibu mgongo kweli? Na hiyo nusu kaputi ni salama kuliko sindano? Wenye uelewa njooni, siyo wale wa "pole sana mkuu" halafu wanapita.

#2 Nyangumi Mkavu
Pole sana mkuu.

*napita*

#3 Mama Wawili
Mimi wawili wote kwa kisu na wote kwa sindano ya mgongo. Wa kwanza mgongo uliniuma karibu mwaka, wa pili sikusikia kitu. Sindano ileile, hospitali ileile. Kwa hiyo mama mkwe wako mwambie aniongeze kwenye hesabu yake lakini aandike nusu.

#4 Kinyozi Msomi
Mkuu Baba Nasra usidanganywe, ile sindano inazama kwenye uti wa mgongo wenyewe, wanatoa maji ya mgongo kisha wanaweka dawa, yale maji yakishatoka hayarudi, ndo maana pingili zinabaki zinasagana kavu. Mama mkwe yuko sahihi, wazee hawakurupuki.

#5 Sadala
Kinyozi elimu hii umeipata kwa mteja gani 😂 pingili zinasagana kavu kwani gia boksi?

#6 Usingizi Mzito
Habari zenu. Mimi ni nesi wa usingizi, kazi yangu ni hiyohiyo, kwa hiyo nivumilieni nikiandika gazeti.

Kinyozi #4, kwa mtu mzima uti wenyewe unaishia juu, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sisi tunachoma chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, pale kuna nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, sindano ikipita zinasogea. Maji tunayaacha yatoke tone moja mawili tu ili kujua tumefika, halafu tunaingiza dawa ya ganzi, bupivakaini nzito, haizidi mililita 3. Na hayo maji mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku, sasa yatakauka saa ngapi? Sindano yenyewe ni nyembamba sana, namba 25 au 27, ile kanula ya dripu mkononi ni nene kuliko hiyo na sijasikia mtu analaumu mkono.

Maumivu pale tulipochoma yapo, siku chache, hasa kama tulitafuta njia mara mbili tatu kwa sababu mama amevimba au hawezi kujikunja. Ya miezi na miaka ni habari nyingine. Mimba inalegeza kano za nyonga, kiuno kinabinuka mbele, misuli ya tumbo inaachana, ukijifungua unaanza kuinama kunyonyesha usiku kucha na kubeba mtoto ubavuni. Hata waliojifungua kawaida bila sindano yoyote wanaumwa mgongo, ila wao hawana alama ya kunyooshea kidole.

#7 Bi Mwanahawa
Shikamoo nesi na ahsante, lakini mbona mimi wa kwanza nilizaa kawaida na mgongo ulikuwa chuma? Nabeba ndoo, nalima, nanyonyesha, kuinama kulekule. Nimechomwa wa pili tu ndo nikawa bibi kizee. Msitufanye sisi hatujui miili yetu.

#8 Mama Wawili
Bi Mwanahawa wa kwanza ulikuwa na miaka mingapi, wa pili mingapi? Tuanzie hapo kwanza 😁

#9 Bi Mwanahawa
Hilo swali lako sijibu.

#10 Msoma Majarida
Mada nzuri. Mnaopenda ushahidi, jambo hili limebishaniwa Uingereza muda mrefu. Mwaka 1990 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa Birmingham, waliwauliza wanawake 11,701 waliokwisha kujifungua kama wamepata maumivu ya mgongo mapya ya muda mrefu. Waliochomwa epidura (ganzi ya mgongo ya kupunguza uchungu) asilimia 18.9 walisema ndiyo, ambao hawakuchomwa asilimia 10.5. Watu wakashtuka, ikawa ndo hadithi mpaka leo. Sasa ukisoma ndani unakuta waliofanyiwa upasuaji wa kupangwa kwa epidura, bila kupitia uchungu, ile tofauti haikuonekana. Watafiti wenyewe wakasema huenda siyo sindano, ni kwamba mama akishapigwa ganzi analala au anakaa vibaya masaa mengi kwenye uchungu na hasikii mgongo unavyoteseka.

Baadaye, 2002, BMJ hiyohiyo ikatoa utafiti mwingine, huu wanawake 369 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi hili epidura, lile dawa nyingine za maumivu, wakafuatiliwa kwa wastani wa miezi 26. Tofauti ya maana ya mgongo hawakuiona.

#11 Usingizi Mzito
Umenisaidia Msoma Majarida. Huwa nawaeleza wamama wodini wananiangalia kama muuza viwanja.

#12 Mjomba Likoni
Hapo #10 kuna kitu mnapita haraka. Hiyo ni epidura jamani. Epidura ni sindano nene, wanaacha mpira mwembamba mgongoni dawa inaongezwa kidogokidogo masaa na masaa wakati wa uchungu. Mke wa jamaa alichomwa spaino, chomo moja, dawa, sindano inatoka. Huwezi kuchukua matokeo ya huku ukayapeleka kule. Halafu huo wa 2002 kuna waliopangiwa epidura hawakuichukua na kuna waliopangiwa wasichomwe wakachomwa, sasa makundi yakishachanganyika hivyo hata tofauti ikiwepo si itafifia? Mimi si daktari, naishi na mkunga tu, lakini hesabu najua.

#13 Msoma Majarida
Mjomba Likoni hoja yako ina uzito, lakini inakata pande zote. Kama sindano nene na mpira wa masaa kumi haikuonekana kuharibu, nyembamba ya chomo moja itaharibu vipi?

#14 Mjomba Likoni
Sijasema inaharibu. Nimesema hamjathibitisha kwamba haiharibu. Ni vitu viwili.

#15 Sadala
Wakili kaingia.

#16 Neema wa Iringa
Mimi yangu haikuwa mgongo ilikuwa kichwa. Siku ya pili baada ya opareshen nikiinuka tu kukaa nimnyonyeshe mtoto kichwa kinapasuka, shingo imekaza, masikio yanavuma, nikilala chali kinaondoka kabisa kama siyo mimi. Manesi wakasema uchovu, mama yangu akasema nimepigwa na upepo wa uzazi akaleta kanga akanifunga kichwa, wifi akasema nimerushiwa kitu. Nikalala chali karibu wiki, mtoto analetwa kifuani nalala naye hivyohivyo. Mpaka akapita daktari mmoja kijana akaniuliza swali moja tu, ukilala kinaacha? Nikasema ndiyo. Akasema basi ni sindano. Nikapewa Panadol, maji mengi, akaniambia ninywe kahawa, kikaisha chenyewe.

#17 Usingizi Mzito
Dada Neema hicho ndicho sindano inasababisha kweli na hatukatai. Ile ngozi inayoshika maji ya mgongo inatobolewa, tundu likichelewa kuziba maji yanavuja, ukikaa ubongo unakosa mto, kichwa kinauma. Ukilala kinatulia. Kikizidi kuna njia ya kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe, kama mililita 20, tunaidunga jirani na lile tundu inaziba. Siyo kila hospitali wanaifanya. Ila wadau, kichwa kikija na homa, au macho kuona giza, au degedege, hiyo siyo ya kunywea kahawa, kwa mzazi inaweza kuwa kifafa cha mimba au maambukizi, kimbia hospitali.

#18 Msoma Majarida
Na hapa ndo utafiti umetusaidia kikweli. Kuna sindano za ncha ya kukata na kuna za ncha kama ya penseli, hizi zinasukuma nyuzi badala ya kuzikata. Jarida la Lancet 2018 walijumlisha tafiti 110 zenye watu zaidi ya 31,000: ncha ya kukata kichwa kiliwapata asilimia 11, ya penseli asilimia 4.2. Swali la mkuu Baba Nasra kumuuliza mtaalamu siyo "mtamchoma?", ni "mnatumia ncha gani?".

#19 Mswahili wa Maskati
Salaam. Huku nilipo mke wangu alichomwa nikauliza, wakanionyesha ya penseli. Dada yangu Tanga akauliza akaambiwa "mama lala ukunje mgongo".

#20 Usingizi Mzito
Maskati umenigusa pabaya. Ya penseli bei yake iko juu, tunatumia ilioko kwenye boksi. Ukiagiza inaletwa iliyo rahisi, ukilalamika unaambiwa wewe umezidi.

#21 Mzee Kiduku
Hicho kichwa hata aliyeigundua sindano hii kilimpata. Mjerumani August Bier, 1898, kule Kiel. Alitaka ajaribiwe yeye mwenyewe, msaidizi wake Hildebrandt akamchoma, kumbe bomba haliingii kwenye sindano, maji ya mgongo yakamwagika na dawa pia ikamwagika. Wakabadilishana, Bier akamchoma Hildebrandt dawa ya kokeini, akafa ganzi, kisha Bier akaanza kumpima: akamchoma sigara, akampiga nyundo kwenye ugoko, jamaa hasikii. Jioni wakanywa mvinyo wakavuta sigara kusherehekea. Kesho yake Bier kichwa, akalala kama siku 9, kila akiinuka kinarudi. Hildebrandt na yeye akatapika, miguu imejaa michubuko.

#22 Sadala
Nyundo ya ugoko 😂😂 huyo Hildebrandt alikuwa na deni kwa Bier siyo bure

#23 Baba Nasra
Ahsanteni wakuu, kichwa na mgongo nimetenganisha. Sasa turudi kwenye nusu kaputi, hilo mbona mnalikwepa? Mke ndo kang'ang'ania.

#24 Bi Mwanahawa
Nusu kaputi unalala, unaamka, mtoto huyo hapo. Hakuna kusikia mikasi inavyolia "kri kri" tumboni na wao wanaongea habari za Simba na Yanga.

#25 Usingizi Mzito
Bi Mwanahawa sisi tunaoshika njia ya hewa tunaiogopa nusu kaputi ya mjamzito kuliko ya mtu mwingine yeyote karibu. Nikikulaza kabisa nakupa dawa ya kulegeza misuli, kuanzia hapo hupumui mwenyewe, lazima mpira uingie kwenye koo la hewa na uingie haraka. Mjamzito koo limevimba, matiti yanazuia mkono wangu, tumbo linasukuma mapafu juu, oksijeni inashuka haraka mno, tena chakula kinapanda kirahisi kikiingia kwenye mapafu ni balaa. Uingereza kwenye vifaa vyote wamehesabu mpira unashindikana kwa mjamzito mmoja kati ya 224 hivi. Sasa hiyo ni kwao. Huku kwetu unaweza kuwa peke yako, usiku, na hakuna wa kumpigia simu.

Sindano ya mgongo nayo siyo maji ya kunywa. Presha inaporomoka ghafla, mama anasema "nesi nazimia, nataka kutapika", lazima uwe na dawa ya kupandisha presha, efedrini au fenilefrini, tayari kwenye bomba siyo kabatini. Ikipanda juu sana anashindwa kupumua na tunarudi kulekule kwenye mpira. Na kuna ambao hawachomwi: anayetoka damu nyingi, damu isiyoganda, kidonda au maambukizi pale mgongoni. Na aliyekataa. Mgonjwa akisema hapana baada ya kuelezwa, ni hapana.

#26 Msoma Majarida
Kuongezea, Lancet Global Health 2016 walijumlisha takwimu za nchi za kipato cha chini na cha kati, mama aliyelazwa nusu kaputi uwezekano wa kufa ulikuwa zaidi ya mara 3 ya aliyepigwa ganzi ya mgongo.

#27 Mjomba Likoni
Nilijua utaileta hiyo. Nani anapewa nusu kaputi huku kwetu? Ni yule aliyeletwa na bodaboda saa nane usiku kizazi kimepasuka, damu zimekwisha. Anayepewa sindano ni aliyekuja na kikapu chake na kadi ya kliniki. Huyo wa kwanza angekufa hata ungempa juisi. Sasa mnaibebesha nusu kaputi mzigo wa damu.

#28 Usingizi Mzito
Mjomba ni kweli kwa sehemu. Lakini nimekuwepo wakati mpira umekataa kuingia na mama alikuja anatembea.

#29 Dk wa Kata
Habarini. Wote mna kitu. Ule utafiti mkubwa wa Afrika wa matokeo ya upasuaji, taarifa ya wajawazito ilitoka 2019, nchi 22, vifo 5.43 kwa kila wanawake 1,000 waliopasuliwa, mara 50 ya nchi tajiri. Walipotafuta kinachoendana na vifo wakakuta damu kabla na baada, kizazi kupasuka, na matatizo ya usingizi pia yamo. Kwa hiyo damu NA usingizi. Mjomba hashindi, nesi hashindi.

#30 Neema wa Iringa
Na vipi kuhusu kuamka katikati? Shoga yangu alipewa nusu kaputi anasema alisikia kila kitu, hawezi kusogeza hata kope. Nilidhani anatunga.

#31 Dk wa Kata
Hatungi. Waingereza walifanya ukaguzi nchi nzima, taarifa ikatoka 2014, kwa nusu kaputi kwa ujumla ni kama mmoja kati ya 19,000, lakini kwa upasuaji wa uzazi mmoja kati ya 670. Sababu ni kwamba tunapunguza dozi ili mtoto asizaliwe amelala, na dawa ya kulegeza misuli ipo, sasa usingizi ukipungua mgonjwa hana namna ya kukwambia. Shoga yako apelekwe kwa mshauri nasaha, wengine inawatesa miaka.

#32 Dogo wa Mwanjelwa
Mimi nilipewa ketamini, dawa ya usingizi, nilipovunjika mkono. Sikulala wala sikuwa macho. Niliona dari inafunguka, marehemu babu ananiuliza mbuzi umefunga wapi. Naambiwa nilikuwa nalia nataka kwenda kufunga mbuzi.

#33 Sadala
Na mbuzi ulifunga? 😂

#34 Usingizi Mzito
Hahaha ketamini ndo kawaida yake, tunatanguliza dawa kama diazepamu kupunguza ndoto. Ila msiidharau, ilitengenezwa 1962, Marekani waliiruhusu 1970, na mpaka leo umeme ukikatika na mashine ya usingizi ikagoma ndo inayotuokoa kwa sababu mgonjwa mara nyingi anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki ovyo.

#35 Nyangumi Mkavu
Nimerudi. Je wavuta majani? Kuna mshikaji alichelewa kulala mpaka daktari akamuuliza "wewe kijana unavuta?" Akakataa mbele ya mama yake.

#36 Msoma Majarida
Angesema tu. Colorado kule bangi ni halali, 2019 waliangalia rekodi za wagonjwa 250 waliotumbukizwa kamera tumboni, wavutaji walihitaji dawa ya usingizi ya propofo asilimia 220 zaidi. Waliohesabiwa ni wachache, lakini mwambie daktari wako ukweli, si polisi yule.

#37 Kinyozi Msomi
Mmenishambulia kule juu nimenyamaza. Swali: kama kila kitu kina hatari, wenzetu wanafanyaje? Au wao hawafi?

#38 Dk wa Kata
Wanakufa pia. Elaine Bromiley, Uingereza 2005, mama wa watoto wawili, upasuaji mdogo wa pua, madaktari wazoefu watatu, vifaa vyote, mpira ukakataa. Wakang'ang'ana na mpira zaidi ya dakika 20. Nesi alileta seti ya kutoboa koo akawaambia iko hapa, hakuna aliyeishika. Hawakukosa ujuzi, walizama kwenye jambo moja wakasahau saa. Mume wake ni rubani, akasema kwenye ndege tumefundishwa hata mdogo apaze sauti, akaanza kuwafundisha madaktari.

Na siyo mambo ya Ulaya tu. Ile karatasi ya WHO ya kukagua kabla ya upasuaji ilijaribiwa hospitali 8 duniani na moja ni Ifakara yetu, pamoja na Toronto, London, Seattle na wengine. Matokeo yalitoka 2009, vifo vilitoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Karatasi tu! Jina la mgonjwa, upande gani unapasuliwa, koo gumu au la, damu ipo, kipima oksijeni kimefungwa kidoleni na kinafanya kazi.

#39 Mjomba Likoni
Na ile karatasi leo inajazwa lini? Mke wangu anasema kuna mahali inajazwa baada ya mgonjwa kutoka, tiki tiki tiki zote kwa kalamu moja.

#40 Usingizi Mzito
😶 sijibu nina njaa ya ajira.

#41 Mama Wawili
Baba Nasra, shem aende kwa mazoezi ya viungo kabla hata tumbo halijawa kubwa. Mimi wa pili nilifundishwa kuinuka kwa ubavu, kunyonyesha na mto mapajani, na sikufunga mkanda wa tumbo mpaka kushindwa kupumua kama nilivyofungwa na shangazi wa kwanza. Nadhani ndo kilichobadilika. Nadhani tu.

#42 Bi Mwanahawa
Mkanda tena? Mkanda ndo uliokurudisha tumbo. Kizazi hiki hamkandwi maji ya moto, hamfungwi, halafu mnasingizia vitu.

#43 Baba Nasra
Nimemsomea mke wangu mpaka #38. Ile ya mmoja kati ya 670 imemnyamazisha kidogo, ila bado hajasema ndiyo. Mama mkwe anasema hao wote ni wanaume.

#44 Neema wa Iringa
Mwambie mama mkwe mimi si mwanaume, na akienda kwa mtu wa usingizi aende mapema siyo siku yenyewe mlangoni mwa thieta, aseme kila kitu, mgongo ulivyouma, waangalie hata na koo. Na akilegea mguu au mkojo ukimtoka bila kujua hiyo siyo mambo ya kukaa nyumbani, hospitali siku hiyohiyo.

#45 Dogo wa Mwanjelwa
Wataalamu kabla hamjafunga, mzee wangu ana ngiri anapasuliwa Jumatatu, na yeye ni sindano hiyohiyo ya mgongo? Na kaambiwa asile, yeye anasema uji siyo chakula.

#46 Usingizi Mzito
Mara nyingi ndiyo, hiyohiyo. Na uji ni chakula! Chakula masaa 6 kabla, kitu cha kung'aa kama maji au chai ya rangi bila maziwa masaa 2. Hata kama ni sindano ya mgongo, kwa sababu ikishindikana tunamlaza.

#47 Dogo wa Mwanjelwa
Anauliza supu ya pweza iko upande gani.

#48 Mjomba Likoni
Ukiweza kusoma gazeti kupitia kikombe, kunywa. Pweza husomi.

#49 Kinyozi Msomi
Bado sijaelewa yale maji yanarudi saa ngapi.